Kabla hujanunua bunduki nyingine ya rangi

Eneo la Viwandani, Nairobi
14 Julai

Ndugu yangu Mutua,

Salamu nyingi, na mama watoto umfikishie zake. Barua yako nimeipata. Unasema bunduki yako ya kupulizia rangi, ile ya kikombe cha juu, inatema matone, mchoro wa rangi inayotoka umejikunja kama ndizi, na asubuhi unakuta rangi imedondoka kwenye benchi. Unasema pia umejipanga kwenda Kirinyaga Road kutafuta nyingine. Tafadhali subiri. Hayo ni magonjwa matatu tofauti, na huenda mawili yakapona bila kununua chochote.

Anza na ndizi. Simamisha kipande cha boksi, kaa umbali wa shibiri moja, bonyeza kifyatuo mara moja uachie. Mchoro mzuri huwa kama yai refu, rangi sawa juu na chini. Sasa legeza kofia ya hewa, ile ya mbele yenye pembe mbili zinazopuliza hewa, izungushe nusu duara, ukaze, upulize tena kando ya mchoro wa kwanza. Tumbo la ndizi likihamia upande wa pili, basi uchafu uko kwenye kofia yenyewe, na mara nyingi ni tundu la pembe moja limeziba: hewa ya pembe iliyo wazi haina wa kushindana nayo, kwa hiyo inasukuma rangi yote upande wa ile iliyoziba. Ndizi isipogeuka, angalia mdomo wa nozeli, ile ncha ya katikati inayotoa rangi. Ama una rangi iliyogandia, ama umebonyea.

Kofia iloweke peke yake ndani ya thina kwa dakika 10 au 15, uisugue kwa mswaki laini, na matundu uyazibue kwa kijiti cha meno. Msumari, waya, sindano ya kushonea, hivyo weka mbali kabisa. Matundu yale yametobolewa kwa kipimo, na mkwaruzo usioonekana kwa jicho unatosha kupinda hewa. Hapo ndipo utalazimika kununua kofia mpya.

Kutema matone maana yake ni moja: hewa inaingia mahali panapopaswa kupita rangi tu. Tazama ndani ya kikombe huku unapuliza. Ukiona mapovu yanapanda, nozeli imelegea au kikalio chake, pale inapokaa kwenye bunduki, kina uchafu. Ifungue, futa kikalio, uirudishe na kuikaza kwa spana yake. Lakini toa sindano, ule msumari mrefu wa ndani unaofungua na kuziba nozeli, kabla ya kugusa nozeli, na wakati wa kurudisha nozeli itangulie, sindano ifuate. Ukizungusha nozeli huku sindano imebana ndani, unakwaruza vyote viwili.

Kama hakuna mapovu, nenda nyuma, kwenye ile nati ndogo inayobana pakingi kuzunguka sindano. Hapa, Mutua, ndipo ninapokulaumu kidogo. Umeandika kwamba huwa unalaza bunduki nzima ndani ya thina usiku kucha. Thina inakausha pakingi na sili, inaondoa grisi yote, halafu inabeba rangi iliyoyeyuka hadi kwenye njia za hewa ambako brashi haifiki. Pakingi iliyokauka hunyonya hewa, na bunduki hutema. Pakingi itie tone moja la oili isiyo na silikoni (silikoni ikifika kwenye rangi utaona vijishimo kama macho ya samaki), kisha kaza nati robo mzunguko kwa wakati, ukijaribu kifyatuo kila mara. Simama pale uvujaji unapokoma na sindano bado inarudi yenyewe bila kusitasita.

Maana nati hiyo ikikazwa kupita kiasi, springi inashindwa kurudisha sindano, na hapo ndipo rangi inadondoka usiku. Kama umeilegeza na bado inadondoka, chomoa sindano, ifute, uibingirishe juu ya kioo uone kama imepinda. Igeuze ncha yake kwenye mwanga: ukiona pete inayong'aa imezunguka ncha, imelika. Hiyo ndiyo safari halali ya Kirinyaga Road, lakini nunua sindano na nozeli pamoja, zenye namba ileile. Sindano ya milimita 1.4 ndani ya nozeli ya 1.8 haizibi hata siku moja. Kwa rangi ya mwisho na vanishi tumia 1.3 au 1.4, kwa praima, yaani rangi ya kwanza ya chini, 1.6 hadi 1.8.

Usisahau tundu la hewa kwenye kifuniko cha kikombe. Likiziba, bunduki huanza vizuri kisha rangi inafifia na kukatikakatika.

Presha ipime kwenye mpini huku umebonyeza kifyatuo, kwa sababu geji ya kompresa haihesabu kinachopotea kwenye mpira mrefu wa hewa. Bunduki nyingi za HVLP, zile za hewa nyingi kwa presha ndogo, hutaka karibu bar 2 hapo, ila fuata kilichoandikwa kwenye yako. Mchoro ukigawanyika katikati kama namba 8, hewa imezidi au rangi ni nyepesi mno. Ukijaa katikati tu, presha ni ndogo au rangi ni nzito.

Rangi yenye hadena, ile dawa ya kuigandisha, ioshe mara tu unapomaliza, kabla ya chai, kwa kuwa ikishakomaa ndani thina haiirudishi. Puliza thina safi mpaka itoke bila rangi, tenganisha mpira wa hewa, kisha fungua kofia, sindano na nozeli. Mwili ufute huku mdomo umeelekea chini. Kostiki soda usiiguse, inakula alumini. Na barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa hadena. Vaa ile ya vichujio vya mkaa, na milango iwe wazi.

Ule weupe ulioniandikia kwamba umetokea kwenye vanishi ya meza si kosa la bunduki. Ni unyevu wa baridi hii ya Julai kuganda juu ya vanishi wakati thina inapoipoza. Mwaga maji ya tangi la kompresa kila jioni, tumia thina inayokauka polepole, na upulize saa za mchana.

Geuza ile kofia leo, kisha uniandikie kama ndizi imegeuka au imebaki palepale.

Ni mimi rafiki yako,
Kamau