Ametolewa kidevu cha silikoni, sasa haniongeleshi

Shikamoo Anti,

Ni saa tisa usiku, nimekaa jikoni kwa sababu kitandani nageuka tu. Nisamehe barua ikiwa ndefu. Mimi ni nesi, kitengo cha kinywa na taya, miaka kumi na moja sasa, kwa hiyo tafadhali usinijibu kwamba nimpeleke hospitali. Hospitali nimempeleka mwenyewe.

Mdogo wangu ametolewa kidevu cha silikoni, yaani kipandikizi cha kutokeza kidevu, wiki saba zilizopita. Aliwekewa Istanbul, miaka sita nyuma, kwa kupitia ndani ya mdomo. Mwaka jana kikaanza kwenda kushoto, ukipapasa unaukuta ukingo wake chini ya ngozi, na meno ya mbele ya chini yakawa yanamuuma akiuma kitu kigumu. Kikatolewa. Siku ile, kabla hajaingia chumba cha upasuaji, alinishika mkono akauliza atakuwaje. Nikamjibu: utarudi kama zamani.

Hilo ndilo neno analonipiga nalo. "Uliniambia nitarudi kama zamani." Ananiambia asubuhi, ananiambia usiku, na siku asiponiambia ni kwa sababu hasemi na mimi kabisa. Juzi akamgeukia mama mbele yangu akasema, "Huyu alijua."

Anti, sikumdanganya. Mtu anayeingia upasuaji akiwa anatetemeka humsomei orodha ya mabaya. Na wengi wanarudi vizuri, hasa kama kipandikizi kilikuwa kidogo na hakikukaa muda mrefu. Shida ni kwamba watu wanadhani ukitoa silikoni uso unarudi palepale, kama mtu aliyevua kofia. Silikoni ikikaa mwilini, mwili unaijengea kifuko chembamba cha kovu, na ngozi na msuli wa kidevu vinatanuka kuifuata. Ukiitoa, kifuko kinabaki kitupu kama foronya iliyotolewa mto. Kitasinyaa, lakini polepole, na hakisinyai sawasawa pande zote. Ndiyo maana wiki ya nne au ya tano mtu anaona bonge upande huu na bonde upande ule, analia, anasema ameharibiwa. Uvimbe wenyewe unafika kileleni siku ya pili au ya tatu. Wiki mbili hadi tatu, sehemu kubwa imeshuka. Unaobaki ni ule mgumu wa ndani, asubuhi umejaa na jioni umepungua, na huo unakwenda kwa miezi. Umbo la kweli hulioni kabla ya miezi sita, wengine mwaka mzima. Yeye ana wiki saba. Haya yote nimemweleza.

Lakini ninalomweleza na ninaloliona si kitu kimoja, na yeye si mjinga.

Kuna msuli wa kidevu, ule unaokunja ngozi mtu akitaka kulia. Daktari akipita ndani ya mdomo lazima aukate, na akimaliza lazima aurudishe juu na kuushona pale alipoukatia. Usiposhikwa vizuri, au uzi ukiachia, nyama ya kidevu inashuka chini ya mfupa, mdomo wa chini unafuata, na meno ya chini yanaonekana hata mtu akiwa ametulia. Akijaribu kufumba mdomo, kidevu kinajikunja vishimo vishimo kama ganda la chungwa. Msuli wa mdogo wangu umekatwa mara mbili. Na vishimo vipo. Meno ya chini yanaonekana. Anavaa barakoa hadi dukani.

Sasa mama anasema mimi ndiye niliyemuuguza, kwa hiyo kama kuna kosa ni langu. Nilikosea wapi? Plasta niliifunga mwenyewe, kipande kimoja cha kulala chini ya mdomo na viwili vya kutoka chini ya kidevu kupanda mashavuni, ikae siku saba. Plasta ile si pambo. Inabana ngozi kwenye mfupa ili damu na maji yasijae kwenye ule uwazi, na inaubeba msuli wakati uzi unashika. Siku ya tatu wageni wakaja akaibandua. Nilimkataza kuuvuta mdomo chini kutazama nyuzi, kwa sababu kila ukiuvuta unavuta uzi uleule ulioshika msuli. Simu yake imejaa picha za mdomo umevutwa chini. Mrija nilimkataza, kwa kuwa kunyonya kunaukaza msuli huohuo. Alikula mtori uliosagwa, uji wa ulezi, supu iliyopoa. Alilala na mito miwili. Barafu kwenye kitambaa dakika ishirini, kisha apumzike, saa 48 za kwanza tu, na kamwe si barafu tupu kwenye ngozi yenye ganzi, inaunguza bila mtu kujua. Maji ya uvuguvugu ya chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi, kila baada ya kula. Klorheksidini, dawa ya kusukutua, ya asilimia 0.2, mililita 10 kwa dakika moja, asubuhi na jioni, nusu saa baada ya mswaki kwa sababu dawa ya meno inaipunguzia nguvu, na isizidi wiki mbili maana inapaka meno rangi ya kahawia, hasa kwa mnywaji wa chai. Usiku wa kwanza sikulala, nilikuwa namulika kwa tochi nione kama upande mmoja unajaa ghafla na kuwa mgumu, au chini ya ulimi panainuka, kwa sababu hiyo ni damu inayojikusanya na haisubiri kuche. Halikutokea hata moja. Joto halikupanda. Usaha haukuonekana. Kidonda kimefunga safi.

Naandika haya ili ujue sikuwa mzembe. Lakini sikuandika ili nimseme yeye. Ana miaka 29, na mdomo wake wa chini upande wa kushoto hauhisi kitu.

Hilo la ganzi haliniogopeshi sana. Neva ya mdomo wa chini inatokea kwenye tundu la taya chini ya magego madogo, karibu kabisa na pale kipandikizi kinapoishia, na ikivutwa tu bila kukatwa huwa inarudi. Ikilazimika kuota upya, inakwenda kama milimita moja kwa siku. Kila Jumapili nilikuwa nampima kwa ncha ya pamba, nachora mpaka kwa kalamu pale anapoanza kuhisi, napiga picha tulinganishe. Mpaka umesogea. Wiki ya tano akaanza kusikia kama sisimizi wanatembea, na hiyo ni dalili njema, ingawa yeye alidhani ni ugonjwa mpya. Miezi mitatu ikipita bila mpaka kusogea ndipo ningehangaika. Jumapili mbili hizi amekataa nisimguse.

Na sasa kuna hili la Istanbul. Amewasiliana tena na walewale, wamemwambia wanaweza kumwekea kingine, kikubwa zaidi, kwa punguzo, alipe amana kabla ya mwisho wa mwezi. Mama ametoa hela yake ya kikoba. Na mimi natakiwa niongeze, kwa sababu mimi ndiye niliyesema atarudi kama zamani. Walichomwomba ni picha za uso tu, mbele na pembeni. CT, ile picha ya mashine inayoonyesha mfupa kwa ndani, hawajaomba. CT ninayo mimi, kwenye bahasha chini ya khanga zangu, pamoja na maelezo ya upasuaji, na yeye hajayasoma.

Haikuwa nia yangu kuyaficha. Daktari alipotoka aliniita pembeni akaniambia silikoni ilikuwa imepanda juu, haikukaa kwenye ukingo mnene wa chini wa taya, imelala kwenye mfupa mwembamba karibu na mizizi ya meno. Msuli unaikandamiza miaka yote hiyo, mfupa chini yake umelika shimo la milimita tatu. Na msuli wenyewe upande wa kushoto ni mwembamba, umejaa kovu, uzi umeshika lakini si kwa nguvu aliyotaka. Akasema, "Mwambie akiamka vizuri, mengine nitamweleza kliniki." Kliniki ya siku ya saba alikuwepo daktari mwingine, akaangalia kidonda, akasema kizuri, tukaondoka. Mama alipouliza daktari kasemaje, nikasema kila kitu kiko sawa.

Mfupa ulioliwa namna hiyo kwa kawaida hauendelei kuliwa mzigo ukishaondoka, na mara nyingine shimo hujijaza kiasi. Meno yale ya mbele yaliyokuwa yanamuuma yanahitaji tu kupimwa kwa baridi na daktari wa meno aone kama yako hai. Kwa hiyo si jambo la kufa. Ndivyo nilivyojiambia, kwamba nitasema akitulia. Hakutulia.

Lakini ukiweka kipandikizi kipya juu ya shimo bila kulijua, kitatumbukia humo na kupinda kama cha kwanza. Inabidi kikae chini kwenye ukingo na kifungwe kwa skrubu, na pengine kiingizwe kwa mkato wa chini ya kidevu ili msuli usikatwe mara ya tatu. Au kisiwekwe kabisa, mfupa wake mwenyewe ukatwe chini ya mizizi na chini ya neva, usogezwe mbele, ushikwe kwa bamba la titani. Upasuaji huo unahitaji unene wa mfupa, na unene unauona kwenye CT, huuoni kwenye picha ya simu. Mafuta ya mwilini yanaweza kujaza bonde dogo lakini sehemu yake inanyonywa. Na yote haya katika wiki ya saba, nyama bado imevimba! Hakuna anayeweza kumpima mtu kipandikizi kwenye uvimbe.

Nataka aache. Nataka akae na uso wake, alikuwa mzuri kabla ya Istanbul. Halafu nikimtazama amelala, mdomo wazi, meno ya chini nje, najua kwamba kwa kidevu kilichoshuka namna ile kusubiri peke yake huenda kusitoshe, na kwamba wakati mwingine kujaza ndiko kunakoinyanyua ngozi. Inawezekana yuko sahihi kutaka kitu kifanyike, na mimi napinga kwa sababu nimechoka kulaumiwa. Sijui kama nikimnyima hela namlinda yeye au najilinda mimi.

Kliniki ya pili ni Jumanne, na daktari aliyempasua atakuwepo. Nimpe mdogo wangu bahasha kabla, kwa mkono wangu? Au ninyamaze daktari amweleze mwenyewe, mimi nikiwa nimekaa pembeni kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza? Nikimpa, lile neno alilomwambia mama litakuwa kweli, na mama atakuwepo kulisikia. Nisipompa, anaweza kulipa amana Jumatatu.

Usiniambie nimwombe msamaha tu, nimeshaomba mara nyingi, ila sijawahi kusema wa nini.

Naacha hapa, nasikia mlango wake. Saa hizi huamka kunywa maji, na glasi anaiweka upande wa kulia wa mdomo.

Dada mtu,
Dar es Salaam