Kwa Rehema, kuhusu Malkia Móo na maandishi ya Wamaya

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mama anakusalimu sana na kila siku anauliza utakuja lini.

Barua yako nimeipata. Umenieleza habari za Augustus Le Plongeon, yule mpiga picha na mchimbaji wa magofu, kwa furaha kubwa, ukasema unataka kuwasimulia wanafunzi wako kisa cha Malkia Móo, ambaye Le Plongeon alidai amemsoma katika maandishi ya kale ya Wamaya, wenyeji wa Meksiko, kisha ukaniuliza: "Alisema maandishi yamemwonyesha pa kuchimba, akachimba, akapata. Unataka ushahidi gani tena?" Nakujibu kwa kirefu, maana ugomvi wote kuhusu mtu huyu umo katika swali lako hilo.

Kwanza nimpe haki yake. Yeye na mkewe Alice, aliyezaliwa London, walifika rasi ya Yucatán, nchini Meksiko, mwaka 1873. Mwaka 1875 wakaenda Chichén Itzá, mji wa kale wa Wamaya, wakati Wamaya wa upande wa mashariki walikuwa bado wana vita na serikali na watu wengi waliogopa kukanyaga huko. Walipiga picha za majengo na nakshi kwa uangalifu mkubwa, na Alice akashiriki kunakili michoro ya ukutani ambayo baadaye iliendelea kufifia. Wataalamu wa leo wanazitegemea kazi hizo. Tena Le Plongeon alijifunza Kimaya, akashikilia kwamba lugha ya wanavijiji wale ndiyo itakayofungua maandishi ya mababu zao. Katika hilo alikuwa sahihi, mapema kuliko wasomi wengi waliompinga.

Sasa tuje kwenye kuchimba. Alidai kwamba alama na michoro ndiyo iliyomwelekeza kwenye jukwaa moja la mawe. Wafanyakazi wake Wamaya wakashuka chini mita kadhaa, wakatoa sanamu ya mtu aliyejiegemeza kwa viwiko, magoti juu, uso ameugeuzia pembeni, mikono imeshika sahani juu ya tumbo. Akaiita Chaacmol, akasema ndiye mwana wa mfalme aliyemsoma ukutani. Serikali ya Meksiko ikaichukua sanamu, ikapelekwa mji mkuu. Jina alilolitoa kichwani mwake limeshika mpaka leo, na sanamu zote za umbo hilo huitwa Chac Mool.

Lakini Rehema, jukwaa lile limechongwa jagwa (chui wa Amerika) na tai pande zote, nalo liko katikati ya mji uliojaa sanamu. Baadaye Chac Mool zaidi ya kumi zimepatikana hapo hapo Chichén Itzá, na waliozipata hawakuhitaji kusoma maandishi ili kuzipata. Kwa hiyo kilichothibitika ni kwamba Le Plongeon alikuwa na jicho la mchimbaji. Kusoma ni jambo lingine kabisa.

Angalia alivyosoma. Alitengeneza jedwali, alama za Kimaya upande huu na za Kimisri upande wa pili, na palipofanana umbo akaona sauti nazo ni moja. Kwa njia hiyo akapata kisa kizima: Mwana wa mfalme Coh, ndiye yule yule Chaacmol, anauawa na ndugu yake Aac, mjane wake Móo anakimbilia Misri, anageuka Isis, mungu wa kike wa Wamisri, na Sfinksi inajengwa kwa kumbukumbu ya marehemu. Kile kitabu cha kale cha Wamaya kinachohifadhiwa Madrid akakisoma kuwa ni habari ya nchi iliyozama baharini, akifuata njia ya padri Mfaransa Brasseur de Bourbourg. Leo kurasa hizo zinaeleweka vizuri zaidi. Ni kalenda za ramli, mvua na uwindaji, na kuna sehemu nzima ya ufugaji wa nyuki, wadudu wenyewe wamechorwa. Hakuna nchi inayozama.

Shida yake, kwa maoni yangu, ni kwamba alama ikisomwa kwa njia yake hapa, haikumfunga mtu kuisoma vilevile kule. Ilisomeka kwake peke yake. Alifariki Brooklyn mwaka 1908 akiwa bado anaamini kila neno, na hakuacha mtu aliyeweza kuchukua jedwali lake akasoma jiwe ambalo yeye hakuwahi kuliona.

Utaniambia, na Yuri Knorozov je, yule msomi wa Kisovieti aliyesoma maandishi ya Wamaya, si naye alipingwa? Alipingwa sana. Mwaka 1952, akiwa Leningrad, hajakanyaga nchi ya Wamaya hata siku moja, aliirudia orodha ya alama ambayo askofu Diego de Landa aliiandika karne ya 16. Landa huyu ndiye aliyechoma vitabu vya Wamaya pale Maní mwaka 1562. Alidhani Wamaya wana herufi moja moja kama Wahispania, akamtajia mwandishi wao majina ya herufi. Aliposema "be", mwandishi akamchorea unyayo barabarani, kwa kuwa "be" kwa Kimaya ni njia. Knorozov akatambua kwamba alama nyingi katika orodha ile ni silabi, kama zile ba, be, bi, bo, bu tulizoimbishwa darasa la kwanza.

Kisha akajipima. Katika vitabu vya kale kuna picha ya bata mzinga na juu yake alama mbili. Ya kwanza imo kwa Landa, ni "ku". Bata mzinga kwa Kimaya ni kutz, basi ya pili lazima iwe "tzu", irabu ya mwisho haitamkwi. Akaenda kwenye picha ya mbwa. Alama ya kwanza hapo ni ileile "tzu", na jina moja la zamani la mbwa ni tzul. Basi inayofuata ni "lu", na kweli kwa Landa alama hiyo imewekwa kwenye L. Mtu yeyote anaweza kufuata hatua hizo akafika palepale.

Eric Thompson, mwanaakiolojia Mwingereza aliyeheshimiwa kuliko wote katika fani hiyo, alimkataa Knorozov mpaka alipofariki mwaka 1975. Hata hivyo wengine walikuwa wameshaanza kuitumia njia ile. Katika miaka ya 1960 mwanaakiolojia David Kelley aliyachukua maandishi ya Chichén Itzá, mji uleule wa Le Plongeon, akasoma jina moja silabi kwa silabi. K'ak'upakal, yaani "moto ni ngao yake". Jina hilo lilikuwa tayari limetajwa katika hati za Wahispania kama jemadari wa Waitza, Wamaya wa Chichén Itzá! Niliposoma hapo nilisimama kwenye kiti. Mtu halisi wa karne ya 9, jina lake limo kwenye mawe ya majengo kadhaa, na kwa miaka mingi mahali pake palikaliwa na Coh ambaye hakuwahi kuwepo.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana nawe kwamba kisa cha Móo kinawapa Wamaya heshima. Sisi tumekulia karibu na magofu ambayo vitabu vya zamani viliwapa wageni watupu, kwa hiyo naelewa unavyofurahi kusikia kwamba safari hii wenyeji ndio waliowafundisha Wamisri. Lakini ni sifa ya kubuni, na iliwafunika wafalme wao wa kweli.

Kwa hiyo nakuomba uwasimulie wanafunzi habari za K'ak'upakal. Pamoja na barua hii nimekuwekea karatasi yenye alama tatu nilizonakili kwa mkono, ku, tzu na lu, na picha za wanyama wawili. Waanze na bata mzinga, wape "ku" na neno kutz, kisha waachie wenyewe mbwa. Uniandikie walifikaje, na nani alikuwa wa kwanza.

Rafiki yako,
Tatu