KUH: Zile kompyuta nane mlizoniuzia na Windows 10 ikiwa karibu kuachwa na Microsoft

Kwa meneja,

Salamu. Nimeamua kuandika juu simu zangu siku hizi hamshiki na kijana wenu wa kaunta kila nikiuliza ni "bosi ametoka".

Mwezi wa nane 2025 nilinunua hapo kwenu Luthuli mashini nane za ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza, prosesa ya Intel Core i5 jenereshen ya sita, zikiwa na Windows 10, za saiba yangu huku Kawangware. Niliuliza kama zitakubali Windows 11 kwa sababu nilikuwa nimeskia 10 inafungwa, nikaambiwa "mama hizo zinakubali, apudeti itaingia yenyewe." Hiyo mlitoa wapi? Windows 11 ilitoka Oktoba 2021 na masharti yake yanajulikana tangu huko, inataka TPM 2.0, ile chipu ya usalama, na prosesa za Intel ni kuanzia jenereshen ya nane, na mtu anayeuza kompyuta kila siku hawezi niambia hakujua. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft wakaacha apudeti za usalama za bure za Windows 10, yaani nililipia mashini nzima nikapata ya miezi miwili.

Mkatuma fundi. Akaweka 11 kwa njia ya panya kwa mashini mbili, ile ya kuruka ukaguzi, na Microsoft wenyewe wanasema kompyuta isiyotimiza masharti hawaahidi itapata apudeti, na kweli moja ya hizo imekataa kabisa toleo jipya.

Halafu mkaniambia nijiunge na ule mpango wa Microsoft wa apudeti za ziada za Windows 10, ati ni bure. Ule wa bure ni wa watu wa nyumbani na ulitangazwa kuisha Oktoba 2026, mimi nafanya biashara, na bei ya biashara ilitangazwa dola 61 kwa kila mashini mwaka wa kwanza, wa pili mara mbili, wa tatu mara mbili tena. Pigeni hesabu ya nane: mwaka wa kwanza pekee ni zaidi ya shilingi 60,000, karibu nusu ya pesa niliyowapa, na hiyo inanunua muda tu.

Ile ingine iliniudhi ni "wacha wasiwasi, watu wengi bado wako 10, si inawaka?" Inawaka sawa. Hata Windows 7 iliendelea kuwaka baada ya Januari 2020, lakini mwanzo wa 2023 Chrome nayo ikaiacha, na saiba bila brauza ya maana ni chumba cha viti. Na hao wengi mnaosema wanahama, kwa hesabu za StatCounter, wale wanaopima nani anatumia nini mtandaoni, Windows 11 ilipita 10 duniani Julai 2025, mwezi mmoja kabla mniuzie. Nashuku ndio maana mashini za jenereshen hizo zilijaa kwenu mwaka huo, maofisi ya ng'ambo yalikuwa yanazitoa, na hiyo si makosa, makosa ni kuficha.

Kwangu watu wanafungua iTax ya kodi, eCitizen ya huduma za serikali, HELB ya mikopo ya wanafunzi, wanaingiza paswadi zao kwa mashini zangu. Siku kitu kiingie hapo hakuna mtu atauliza fundi wenu yuko wapi, watasimama kwa mlango wangu. Mpwa wangu anasema niweke Linux, mfumo mwingine wa bure badala ya Windows, na pengine nitafanya hivyo kwa moja mbili, lakini mteja akikosa Word pale amezoea anatoka anaenda kwa jirani.

Sasa nataka hivi: mchukue zote nane mnipe za jenereshen ya nane kwenda juu, kama kuna tofauti ya bei tuongee ya haki na si ile ya kaunta, ama mnirudishie pesa kwa M-Pesa ile ile niliyolipa nayo. Risiti ninayo, na meseji ya kijana wenu akisema zinakubali 11 pia ninayo. Mwisho wa mwezi ukifika bila jibu naenda Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani, wanasikiza kesi za mpaka shilingi milioni moja na yetu haifiki hapo.

Na msinitumie fundi tena. Nataka meneja.

Mwenye saiba, Kawangware