Kwa mjomba, kuhusu parokia iliyolima chini ya bamvua

Shikamoo mjomba,

Uliponipigia kusema maji ya chumvi yameingia tena bondeni na mpunga umeungua, nilikuwa nimetoka Grand-Pré, kijiji kidogo cha Nova Scotia, mashariki mwa Kanada. Nikasema lazima nikuandikie.

Grand-Pré iko kwenye Ghuba ya Fundy, ambako bamvua hufika hata mita 16. Waakadia, wakulima wa asili ya Kifaransa, walifika hapo miaka ya 1680, katika nchi ya Wami'kmaq, wenyeji wa asili wa huko, wakaunda parokia ya Saint-Charles-des-Mines. Hawakuhangaika sana kufyeka msitu. Waliligeukia tope la pwani. Walikata udongo pamoja na majani yanayostahimili chumvi, wakaupanga kuwa tuta. Chini yake walilaza mfereji wa mbao wenye kilango kinachoning'inia. Bahari ikipwa, maji ya mvua hukisukuma yakatoka. Ikijaa, bahari yenyewe hukifunga. Hakuna mtu wa kukesha, mjomba! Kisha waliiacha mvua ioshe chumvi miaka miwili mitatu, ndipo wakapanda ngano. Kazi yote ilikuwa ya ujima.

Tarehe 5 Septemba 1755, John Winslow, afisa wa jeshi upande wa Uingereza, aliwakusanya wanaume na wavulana 418 ndani ya kanisa lao, akawasomea amri: ardhi na mifugo yao ni mali ya mfalme wa Uingereza, nao wanahamishwa. Waakadia walikuwa wamekataa kula kiapo cha utii kisicho na masharti. Familia zikapakiwa melini, nyumba zikachomwa.

Linaloniuma zaidi ni lililofuata. Dhoruba ya 1759 ilibomoa matuta. Walowezi kutoka New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani ya leo, waliopewa ardhi ile mwaka 1760, hawakujua kuyatengeneza. Wakaletwa Waakadia waliobaki kama wafungwa, wakayaziba kwa mikono yao matuta ya mashamba yasiyokuwa yao tena.

Kanisa la kumbukumbu lilijengwa 1922, na mwaka 2012 UNESCO ikaiorodhesha sehemu hiyo kuwa urithi wa dunia. Lakini mimi nilikaa juu ya tuta: bahari kushoto, kulia shamba kavu lililo chini zaidi ya maji yakijaa, na bado linalimwa.

Mjomba, pale mkondo unapoingilia bondeni, upana wake kiasi gani? Nipimie kwa hatua siku maji yakipwa sana.

Mpwa wako