Yule bibi wa Charter

Wicklow, Ayalandi

Mama Neema mwenzangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mvua isiyojua kiangazi. Sisi wazima. Watoto wanarefuka kila kukicha, baba yao mgongo unamsumbua kidogo ila kazini anakwenda. Uliniuliza kwenye simu nimefikia wapi na yule bibi wa ukoo wa mume wangu, nikakwambia nitakuandikia, maana si habari ya kusimuliana huku mtu anakaanga vitunguu. Basi kaa.

Unaikumbuka ile Biblia ya mama mkwe niliyokutumia picha yake? Ukurasa wa mbele wameandikana wote, fulani binti wa fulani, kwao mahali fulani, isipokuwa mmoja. Ni mwanamke aliyeolewa mwaka 1806, na jina lake limekaa peke yake, hana baba, hana mama, hana kwao. Ukoo wote unasema alikuwa mtoto wa askari wa Kiingereza aliyefia vitani. Mimi niliridhika na askari huyo mpaka siku shangazi mmoja mzee aliponinong'oneza kwamba zamani walikuwa wakimwita "msichana wa Charter", na kwamba neno hilo halikutakiwa kutajwa mezani.

Charter zilikuwa shule. Mwaka 1733 Askofu Mkuu Hugh Boulter wa Armagh, kiongozi wa kanisa la Kiprotestanti huku, aliwezesha kupatikana hati, ndiyo hiyo charter, ya Mfalme George II ya kuunda chama cha kufungua shule za bure kwa watoto wa maskini. Ya kwanza ilifunguliwa Castledermot, kaunti ya Kildare, mwaka uliofuata, na baadaye zikafika hamsini hivi nchi nzima. Mtoto alipewa chakula, nguo, kusoma kidogo na kazi nyingi. Wasichana walisokota nyuzi za kitani, wavulana wakalima. Ilikuwa sadaka yenye ndoana ndani, na ndoana yenyewe hawakuificha: watoto wa Wakatoliki walelewe wawe Waprotestanti, wenye lugha na mwenendo wa Kiingereza. Wazazi wengi waliwatoa watoto wakati wa njaa, kisha mavuno yakirudi wakaja kuwadai. Chama kikaona dawa ni kuwapeleka watoto mkoa wa mbali, ambako mzazi wa kutembea kwa miguu hafiki. Hapo mwenzangu niliufunga ukurasa nikaenda kuanua nguo, ingawa zilikuwa hazijakauka.

Kumtafuta mtu wa zamani katika nchi hii ni kazi ya kuokota makombo. Tarehe 30 Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa ndiyo kwanza vimeanza, hazina ya kumbukumbu za taifa pale Four Courts, Dublin, ililipuka na kuungua. Vitabu vya sensa za karne ya 19 vilivyokuwa mle, wosia, vitabu vya ubatizo vya makanisa mengi ya Kiprotestanti, karibu vyote vilikwenda. Vipande vya karatasi vilipeperushwa hadi Howth, pwani kabisa. Mwaka 2022 walizindua hazina ya mtandaoni yenye nakala za kilichookolewa na kilichokuwa kimenakiliwa kwingine. Nimeipekua sana, ni kazi nzuri mno, lakini bibi yangu hamo. Nako kwa Wakatoliki wa magharibi, parokia nyingi vitabu vyake havianzi hadi karne ya 19 imeshika kasi. Mtoto aliyezaliwa kule miaka ya 1780 hana pa kuonekana.

Ila hao waliomchukua, vitabu vyao vipo! Chama kilikuwa na makaratasi yake chenyewe, na leo yamehifadhiwa Trinity College, Dublin. Unaingia chumba cha hati za kale, kalamu ya wino unaiacha nje, wanakuruhusu penseli tu, unaletewa daftari juu ya mto kama mtoto mchanga. Mwandiko wa karani ni mzuri kuliko wangu. Nilimpata baada ya kumtafuta kwa kila namna ambayo Mwingereza angeweza kuliharibu jina la Kiayalandi. Ni mstari mmoja. Ameingia mwaka 1790, umri miaka saba, ametoka Mayo, kaunti ya magharibi, amepelekwa shule moja ya Leinster, upande wa pili wa nchi. Mbele kidogo yumo tena: amefungiwa mkataba wa uanagenzi kwa mke wa mkulima, hapa hapa Wicklow.

Dini ya wazazi haikuandikwa. Mama mkwe akashika hapo hapo: basi askari huenda alikuwapo Mayo. Lakini huo mwaka 1790 wenyewe unasema. Mwaka 1775 chama kilipitisha kanuni kwamba wapokewe watoto wa Wakatoliki peke yao, na kanuni hiyo haikufutwa hadi 1803. Binti wa askari Mprotestanti asingepita mlangoni. Yule baba wa vitani hakuwapo. Walikuwapo mama na baba wa Kikatoliki huko Mayo, pengine wakizungumza Kiayalandi tu, na mtoto wao aliondoka akiwa na umri wa Upendo wangu.

Aliishije humo, daftari halisemi. Lakini John Wesley, yule mhubiri wa Wamethodisti, alipita shule ya Charter ya Ballinrobe, Mayo, mwaka 1785, akaandika kwa uchungu juu ya uchafu aliouona na watoto walivyobanana vitandani. John Howard, aliyezoea kukagua magereza, naye alizizungukia. Chama kilidai kina watoto 2,100, yeye akawakuta 1,400 hivi. Mwaka 1788 alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Dublin, na shule zikaendelea vilevile! Ni ripoti ya tume ya mwaka 1825 iliyozivunja nguvu, kisha Bunge la London likakata fedha.

Sasa sikia hili, wewe mpenda harusi. Msichana wa Charter aliyemaliza mkataba wake, akaolewa na Mprotestanti kwa idhini ya chama, alipewa pauni 5. Nilipomsomea mume wangu alicheka, kisha akanyamaza. Sijui kama bibi alizipata. Alioa nani najua, kwa sababu yumo kwenye Biblia: mkulima, Mprotestanti, mwaka 1806. Samahani, aliolewa na nani. Kiswahili kinaanza kunitoroka huku.

Mama mkwe hataki niendelee. Huku kuambiwa kwamba wazee wako walibadili dini kwa ajili ya chakula ni tusi mpaka leo, na yeye amekaa benchi lilelile la kanisani miaka yote. Namheshimu, na mbele yake nimeacha kuisema. Lakini sikubaliani naye. Mtoto wa miaka saba hakubadili kitu, alibadilishwa. Aibu, kama ipo, ni ya wale waheshimiwa wa chama, na wao majina yao yameandikwa vizuri kila ukurasa. Upendo ana kazi ya shule ya kuchora mti wa ukoo. Nimemwambia pale penye yule bibi asimchore askari, aandike Mayo.

Majina ya wazazi bado. Baba watoto anasema likizo tuendeshe gari hadi huko tukaulize parokiani, ingawa vitabu vinaanza muda mrefu baada ya wakati wake. Mimi nataka kwenda tu.

Nisalimie Baba Neema, na mama shikamoo yake. Zile dagaa nilizoagiza mwambie mdogo wako azifunge vizuri, safari iliyopita begi zima lilinuka.

Mwenzako,
Mama Upendo