Barua kwa mwanangu: tanga la mtepe wako

Lamu, Jumapili jioni

Mwanangu Athmani,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo. Dadako amefika Mombasa salama, na yule paka wako amezaa tena juu ya kabati. Tanga uliloniomba kwa mfano wako wa mtepe, kile chombo cha kale cha pwani yetu cha kushonwa kwa kamba, limekwisha. Nimelizungushia khanga kuukuu, nikalitia ndani ya bomba la kadibodi, na mjombako atakuletea akija huko Maskati mwezi ujao. Akikuambia ni mkeka wa mwanasesere usimjali. Amenicheka wiki tatu nzima kila akipita barazani.

Uliponitumia picha za ujenzi wako ulisema, "Mama, ukiziona picha niambie ukweli." Basi utauona ukweli, maana nimefundisha darasa la nne miaka 31, na kalamu nyekundu haijanitoka mkononi. Lakini nianze na kazi yangu kabla ya kuisahihisha ya kwako.

Skeli yako ni moja kwa ishirini. Mtepe wako una urefu wa sentimita 80, kwa hiyo ule wa baharini ungekuwa mita 16. Hesabu hiyo sina ugomvi nayo. Ila ulipoipiga ulifikiria mbao na mlingoti, hukufikiria mkeka. Tanga la mtepe lilikuwa jamvi. Chane ya jamvi yenye upana wa sentimita moja, ukiigawa kwa ishirini, inakuwa nusu milimita. Nimeuchana ukindu kwa ncha ya sindano, chane moja baada ya nyingine, nikafika milimita moja. Nilipojaribu kushuka zaidi, jani likawa linakatika mkononi kabla hata sijalipinda. Kwa hiyo ujue kwamba chane za tanga lako ni pana mara mbili kuliko zinavyotakiwa. Kwa mbali kosa halionekani. Atakayelisogelea akakuuliza, mwambie.

La kwanza liliharibika. Nilisuka ukindu ukiwa umelowa sana ili uwe laini, kikatoka kitu kizuri kweli, nikakilaza dirishani usiku. Asubuhi majani yamekauka na kunywea, nikilinyanyua naona minara ya msikiti kupitia matundu yake. Bibi yako angenipiga. La pili nimelisuka kwa ukindu wenye unyevu kidogo tu, nikawa nakaza kila mstari kwa ukucha. Pembeni nimelizungushia kamba nyembamba, kwa sababu mkeka usioshikwa ukingoni unaanza kufumuka pembe zake kwa upepo wa kwanza. Najua kwako hakuna upepo, mtepe utakaa kabatini. Kamba nimeitia hata hivyo.

Na tafadhali, tanga ni la pembe nne. Katika picha ya sita naona umeufunga mlingoti ukiwa umeinama mbele, na foromali, ule mti wa kutundikia tanga, umeichongoa kana kwamba utatundika tanga la jahazi. Tanga la pembe tatu si la mtepe. Hili linaning'inia kwenye foromali iliyokatiza mlingoti, limelala sawa kulia na kushoto. Ndiyo maana chombo hiki kilifuata pepo zake: kaskazi ikivuma kinapakia boriti za mikoko hapa kwetu na kuteremka nazo Mombasa na Unguja, kusi ikiingia kinarudi. Kwenda joshi, kubishana na upepo uso kwa uso, tanga kama hilo halikuumbiwa.

Sasa picha ya tatu. Hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi.

Umesimamisha taruma zote kwanza, zimepangika juu ya mkuku, ule uti wa chini wa chombo, kama mbavu, halafu ndipo umeanza kuzivika mbao. Najua ulikojifunza. Ni kwenye ile Cutty Sark uliyoinunua ikiwa ndani ya sanduku, vipande vimekatwa tayari na karatasi ya maelekezo. Cutty Sark ilistahili kujengwa hivyo, ni meli ya mwaka 1869, mbavu zake za chuma, mbao zimekuja juu yake. Mtepe ni kinyume chake. Mbao zilianza. Fundi aliweka mkuku, akauunganisha ubao wa kwanza ukingo kwa ukingo, akatoboa kwa keekee, akapitisha kamba, akakaza, akapigilia vijiti tunduni ili kamba isilegee, kisha ubao wa pili. Umbo la tumbo la chombo lilitoka katika jicho lake na jinsi kila ubao ulivyokubali kupinda. Taruma ziliingia mwishoni, nazo zikafungwa kwa kamba. Ukianza na mbavu, ubao unalazimika kufuata mbavu, na ndiyo sababu mtepe wako una kifua kilichokauka kama cha askari wa gwaride.

Sikuambii uubomoe. Nasema ukiubomoa sitashangaa.

Kuna na jambo la uzi. Nimeikuza ile picha kwenye simu mpaka ikawa madoadoa, na nimegundua kuwa mbao umezigandisha kwa gundi, kisha ukapitisha uzi juu kwa ajili ya macho ya watu. Mwanangu, huo ni uzi usioshika kitu. Nimeshona mikeka maisha yangu yote, najua mshono unaobeba mzigo na mshono wa pambo. Wa pambo umekaa ovyo kwa sababu hauogopi kitu. Mtepe haukuwa na msumari hata mmoja, na kamba ndiyo iliyoubeba. Chombo kilichoshonwa kinakubali kunyumbuka, kikigusa mchanga au kikipigwa na wimbi kinajikunja kidogo, pale ambapo cha misumari kingepasuka. Gundi imekiua kitu hicho hicho.

Nimekutilia ndani ya bomba kifurushi cha usumba, nyuzi za makumbi ya nazi. Usiutupe ukidhani nimejazia nafasi. Nilikaa nikapiga hesabu yako ya ishirini: kamba ya mtepe tuseme ilikuwa na unene wa milimita sita, kwako inakuwa sehemu tatu za kumi za milimita. Unyuzi mmoja tu wa makumbi ya nazi, kabla haujasokotwa na mwenzake, una unene kama huo. Mungu amekutengenezea kamba ya skeli yako na kuiotesha juu ya mnazi. Nimechagua nyuzi ndefu, kahawia isiyokolea. Ziloweshe kwanza, ukizitumia kavu zitakatika. Bibi yako alikuwa akifukia makumbi kwenye mchanga wa pwani, maji yakijaa yanafunikwa, miezi inapita, kisha anayafukua na kuyaponda kwa gongo hadi nyama itoke na nyuzi zibaki. Harufu yake sipendi hata kukusimulia. Mimi nikiwa mtoto nilikuwa napita njia ya juu kuikwepa.

Kwa mshono wenyewe, huna haja ya kuniuliza mimi kila siku. Hapo Maskati mnayo Sohar, ile meli ya kushonwa iliyowekwa katikati ya mzunguko wa barabara karibu na Al Bustan. Uliwahi kunitumia picha yake ukiwa umesimama mbele umevaa miwani ya jua. Ilishonwa Sur mwaka 1980 kwa kamba za nazi, mafundi wa kushona waliletwa kutoka visiwa vya Lakshadweep, na msafiri Tim Severin akaipeleka hadi Guangzhou, China, akafika mwaka 1981. Si mtepe, ni chombo cha Kiarabu, lakini ni ndugu yake kwa upande wa sindano. Nenda bila miwani. Tazama kamba inapita wapi na inarudi wapi. Chora.

Utaniuliza, mama, kwa nini unakazana hivi kwa kitu cha kuweka kabatini? Unakumbuka Unguja? Ulikuwa na miaka tisa, nikakuingiza Beit al-Ajaib, lile jumba la makumbusho, pale walipouweka mtepe walioushona upya mwaka 2003. Uliuzunguka mara mbili, ukainama, ukaniuliza mbele ya watu, "Misumari wameificha wapi?" Mlinzi alicheka. Jumba lile upande wake mmoja uliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, nami siku hiyo nilikumbuka swali lako. Mitepe ya kweli haikubaki hata mmoja. Iliendelea kupungua mpaka mwanzoni mwa karne iliyopita, na Mwingereza James Hornell alipochapisha makala yake ndefu juu yake mwaka 1941, alikuwa anaeleza kitu kilichokwisha ondoka baharini. Tulichobaki nacho ni maandishi, picha chache, na mifano, kama ile ya Makumbusho yetu hapa Lamu ambayo nilikuwa nawapeleka wanafunzi kuiona. Mtu akitaka kujua mtepe ulivyokuwa, anaangalia mfano uliochongwa na mtu mwingine. Cutty Sark ukiikosea haidhuru, yenyewe iko Greenwich, Uingereza, mtu atakwenda kuipima. Mtepe ukiukosea wewe, mwanao atarithi kosa akidhani ni mtepe.

Na si kitu cha juzi. Mfanyabiashara wa Kigiriki aliyeielezea pwani hii katika karne ya kwanza alikuta vyombo vya kushonwa, na mji aliouita Rhapta aliueleza kwa neno lao la kushona. Watu wa Vasco da Gama mwaka 1498 waliona kule Msumbiji vyombo visivyo na misumari, mbao zimeshikwa kwa kamba, matanga ya mikeka. Tangu yule Mgiriki mpaka babu wa babu yako ni karne kumi na tisa za watu waliokaa mchangani wakivuta kamba. Zamani walikuwapo waliodai kwamba vyombo havikutiwa chuma kwa kuogopa jabali la sumaku lililoko baharini, lingeng'oa misumari. Hadithi tamu, lakini waliposhona walishona kwa sababu minazi ilikuwa mlangoni na chuma kilikuwa ghali.

Nisije nikakukatisha tamaa. Omo umelipatia. Ile shingo ndefu inayojitokeza mbele imepinda vizuri, ina kiburi. Wazee walisema ni kichwa cha ngamia wa Mtume, rehema na amani zimshukie, na ukiutazama wa kwako mtu anaamini. Ungelifanya limenyooka ungekuwa umetengeneza dau la mtepe, chombo kingine, na hapo ningekurudisha darasa la kwanza. Macho ya omoni yako mahali pake pia, lakini umeyatia kope. Futa kope.

Vanishi uache kabisa. Umeniandikia kwamba utaupaka mara tatu mpaka ung'are. Chombo hiki kilibeba boriti. Kilipakwa mafuta, kikanuka, na kilivuja siku zote, mtu mmoja hakuwa na kazi nyingine ila kufua maji. Badala ya kibati cha shaba chenye jina lako, chonga upo mmoja wa kufulia maji, mdogo kama nusu ya kokwa ya ukwaju, uulaze ndani kwenye ngama, chini tumboni mwa chombo, mahali ambapo hautaonekana isipokuwa na anayechungulia. Na chini ya kibao cha kuusimamishia, uandike kwa wino yale uliyoyabahatisha. Anza na tanga: "Chane ni pana mara mbili, kazi ya mama." Halafu yako yafuate.

Kuhusu pesa ulizotuma, zimefika, nimetengeneza paa la jikoni na zikabaki. Usitume tena mwezi huu, ulinunulie jicho lako taa nzuri ya mezani, naona picha zote umezipiga gizani. Na mke wako umwambie kwamba unga wa kwenye sebule si kosa lake wala la mtoto, ni la msasa wako. Fanya kazi yako roshani.

Mwisho, humo ndani ya bomba utakuta pia kitita cha vijiti vya mpera. Hizo ni boriti zako. Boriti ya mita tatu kwa skeli yako ni sentimita 15, nimezikata zote kwa rula, nimezimenya, nimezikausha juani siku nne. Zipange kwa urefu, mafungu mafungu, usizigandishe. Ziko 60. Zikifika 59, muulize mjombako, moja kaifanya mswaki.

Mamako