Wafanyabiashara wadogo wa mtandaoni wawe na blogu zao wenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumze na wenzangu wanaouza bidhaa kwa njia ya mtandao hapa Uganda, hasa wenye mitaji midogo ambao duka lao zima limo ndani ya simu. Wengi wetu tunatangaza kwenye WhatsApp, Facebook, Instagram na TikTok, tunapokea malipo kwa simu, tunampa mzigo mwendesha bodaboda au tunaupakia kwenye basi la usiku, na siku inakwisha. Pamoja na faida zake zote, njia hii inamwacha mfanyabiashara bila mahali pake mwenyewe pa kueleza anachokiuza. Mahali hapo panaweza kupatikana kwa gharama ndogo, napo ni blogu inayoandikwa kwa jina lake, kwenye anwani anayoimiliki yeye.

Yaliyotokea nchini mwetu katika miaka michache iliyopita yanatosha kuwa ushahidi. Kuanzia tarehe 1 Julai 2018, kila aliyetaka kutumia mitandao ya kijamii alitakiwa kulipa kodi ya shilingi 200 kwa siku, na mteja ambaye hakuilipa hakuweza kuliona tangazo la muuzaji hata kama alikuwa na data ya kutosha, ilhali tovuti za kawaida hazikuguswa na kodi hiyo. Ilifutwa Julai 2021, na mahali pake ikaja kodi ya asilimia 12 kwenye data. Kabla ya hapo, Januari 2021, uchaguzi mkuu ulipokaribia, mitandao ya kijamii ilizuiwa, kisha intaneti yote ikazimwa tangu jioni ya tarehe 13 hadi tarehe 18. Ni kweli kwamba katika siku hizo hata mwenye blogu hakuweza kusomwa na mtu aliyeko Uganda, na sitaki kumwaminisha yeyote kwamba blogu ina kinga dhidi ya amri ya namna hiyo. Lakini tuangalie kilichofuata. Intaneti iliporudi, tovuti za kawaida zilifunguka, bali Facebook iliendelea kuzuiwa, na miaka kadhaa baadaye mteja wa Kampala, Mbale au Arua bado alihitaji VPN, yaani programu ya kuupita uzuio huo, ili aifungue. Muuzaji aliyekuwa ameweka kila kitu chake kwenye ukurasa wa Facebook, yaani picha, bei, maelezo na shukrani za wateja walioridhika, alibaki na duka ambalo wateja wake wengi hawawezi kulifikia. Oktoba 4 ya mwaka huohuo, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa takriban saa sita kwa hitilafu ya kampuni yenyewe, na safari hii hapakuwa na serikali ya kulaumiwa.

Hata pasipo kodi wala hitilafu, mitandao hiyo hubadilisha taratibu zake bila kutuuliza. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza machapisho ya ndugu na marafiki mbele ya yale ya kurasa za biashara, na tangu hapo mtu mwenye maelfu ya wafuasi huweza kuandika jambo likaonwa na wachache tu asipolipia tangazo. WhatsApp nayo ina mipaka yake. Unachokiweka kwenye Status hutoweka baada ya saa 24, na ujumbe unaotumwa kwa orodha ya watu wengi hauvuki watu 256 kwa orodha moja, tena huwafikia wale tu waliohifadhi namba yako. Silaumu, kwa sababu vyombo hivyo viliundwa kwa ajili ya mazungumzo, navyo vinaifanya kazi hiyo vizuri sana. Tatizo linaanza tunapovitumia kama ghala la maarifa yetu.

Hapo ndipo penye hoja yangu hasa, maana naamini mali kubwa ya mfanyabiashara mdogo ni yale anayoyajua kuhusu bidhaa yake. Mimi ninauza asali na mafuta ya shea, yaani mafuta ya mbegu za mti wa shea, kutoka huku West Nile, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni kwa nini asali imeganda, likifuatiwa na shutuma kwamba nimetia sukari. Ukweli ni kwamba asali halisi huganda, kwa sababu glukosi, sukari ya asili iliyomo, hujitenga na kufanya chembe, hasa penye baridi, na asali ambayo nyuki wake wamekula maua yenye glukosi nyingi huganda upesi zaidi. Dawa yake ni kuiweka chupa katika maji ya uvuguvugu hadi asali ilainike, bila kuichemsha. Nikilitoa jibu hili kwa ujumbe wa sauti, linamfikia mtu mmoja, na kesho linazikwa chini ya salamu na picha za harusi. Nikiliandika mara moja kwenye blogu, pamoja na picha ya chupa iliyoganda na ya chupa hiyohiyo baada ya kulainika, kiungo kilekile kitamjibu mteja wa leo na wa mwaka ujao. Lililo kubwa zaidi ni kwamba mtu asiyenijua kabisa, akiandika swali lake Google usiku akiwa nyumbani kwake, anaweza kukutana na jibu langu kabla hajakutana na bei yangu.

Mafuta ya shea yana habari ndefu vilevile. Shea ya ukanda huu wa Nile ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi kutokana na aina ya mafuta iliyomo, kwa hiyo joto la njiani huweza kuiyeyusha kabla haijafika Kampala. Mteja anafungua kopo, anaona kimiminika, na anaamini ameuziwa mafuta ya kupikia. Akiyaweka mahali penye ubaridi yatashikamana tena, ingawa huenda yakawa na chembechembe ambazo hazina madhara yoyote. Maelezo ya namna hii hayaenei chini ya picha ya Instagram, wala muuzaji hawezi kuyarudia kwa kila mtu bila kuchoka na kuanza kujibu kwa mkato, jambo ambalo humfukuza mteja.

Wenzetu wanaouza mikoba, kofia na mapambo ya lubugo, ile nguo ya gome la mti wa mutuba, wana la kueleza kuliko mimi. UNESCO iliitangaza kazi hiyo ya Waganda kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005, na mwaka 2008 ikaiingiza katika orodha yake ya urithi usioshikika. Mnunuzi wa Nairobi au wa Ulaya anayeuona mkoba huo kwa mara ya kwanza hujiuliza kama mti umekatwa, na swali lake ni la haki. Anastahili kuelezwa kwamba gome la ndani hubanduliwa wakati wa mvua, shina likafungwa kwa majani ya mgomba mpaka gome jipya liote. Kwamba mti uleule huvunwa tena na tena. Na kwamba ulaini wa nguo na rangi yake ya udongo mwekundu hutokana na kupigwa kwa nyundo za mbao za aina mbalimbali, kazi ambayo mafundi wa ukoo wa Ngonge wameirithi kizazi kwa kizazi. Mtu akishayasoma hayo, haulizi tena kwa nini mkoba huo ni ghali kuliko wa plastiki wa soko la Owino. Naona uchungu ninapokuta picha nzuri ya kazi hiyo imeandikwa chini yake bei na namba ya simu, basi.

Kuna pia suala la kuaminiana, ambalo katika biashara ya mtandaoni ndilo mlango wenyewe. Mteja anatakiwa kutuma fedha kwa simu kwa mtu ambaye hajawahi kumwona, huku akijua kwamba walaghai huiba picha za wauzaji wa kweli na kufungua akaunti zenye majina yanayofanana. Akaunti ya namna hiyo hufunguliwa kwa dakika chache. Ni vigumu zaidi kughushi miaka ya maandishi yenye tarehe, ambamo muuzaji ameeleza msimu wa mavuno ulivyokwenda, kwa nini bei ilipanda, na anafanyaje chupa ikivunjika njiani. Mlaghai anaweza kunakili aya mbili tatu, lakini hawezi kujibu swali linalotokana na hizo aya.

Juu ya lugha, nasema kwa matumaini makubwa. Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, na mwaka huohuo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikaingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sisi wa Arua tumekuwa tukiuziana na ndugu zetu wa Aru, Ariwara na Bunia, upande wa Kongo, kwa Kiswahili tangu zamani, bila kusubiri mkataba wowote. Makala iliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi na muuzaji wa hapa inaweza kusomwa Bunia, Kigoma na Mombasa bila mkalimani. Isitoshe, maelezo ya bidhaa kwa Kiswahili bado ni machache mtandaoni, hivyo anayeandika vizuri leo hana washindani wengi wa kumfunika mtu anapotafuta.

Najua nitaambiwa kwamba wateja wetu hawasomi, wanapenda video. Wapo wasiosoma, lakini mtu anayekaribia kutoa fedha zake husoma, tena kwa makini. Na kwa kuwa data inatozwa kodi, ukurasa wa maandishi wenye picha moja ndogo humgharimu msomaji kidogo kuliko video ya dakika moja. Wala sisemi tuiache WhatsApp. Mazungumzo na makubaliano ya bei yaendelee hukohuko, na kiungo cha makala kitumwe hukohuko. Kuhusu muda, makala moja kwa mwezi inatosha ikiwa inajibu swali ambalo wateja wameliuliza kweli. Blogu iliyojaa matangazo ya kila siku haina tofauti na Status.

Anayeanza asione haya kutumia huduma ya bure, ingawa ajue kwamba anwani ya bure nayo ni ya kampuni nyingine. Akipata nguvu, anunue jina lake la tovuti, liwe linaishia kwa .ug au .com, na atumie programu kama WordPress, ambayo ni huria na inaruhusu maandishi kuhamishwa kutoka mtoa huduma mmoja hadi mwingine. Hapa nasisitiza jambo ambalo limewaumiza wengi: jina hilo lisajiliwe kwa jina na barua pepe ya mwenye biashara, kamwe lisisajiliwe kwa barua pepe ya kijana aliyetengeneza tovuti, kwa sababu siku akihama au wakikosana, anwani iliyozoeleka kwa wateja inaondoka naye. Ada ya kila mwaka ilipwe kabla ya tarehe, na nakala za makala zihifadhiwe mahali pengine. Anayekusanya namba za simu au barua pepe za wasomaji wake akumbuke kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamhusu hata kama duka lake ni dogo, na aombe ridhaa yao kwanza.

Limebaki jambo moja ambalo haliko mikononi mwetu wauzaji. Septemba 2020 Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, iliwataka wanaochapisha maudhui kwa umma mtandaoni waombe idhini kabla ya tarehe 5 Oktoba ya mwaka huo. Nimekutana na mafundi na wauzaji ambao hadi leo wanaogopa kuandika hata namna ya kutunza kiatu cha ngozi, wakidhani watahesabiwa kuwa chombo cha habari kisicho na leseni. Naiomba Tume hiyo, kupitia gazeti lako, itamke waziwazi na kwa lugha nyepesi, Kiswahili kikiwemo, kwamba mfanyabiashara anayeeleza bidhaa zake mwenyewe kwenye blogu yake hahitaji leseni ya utangazaji. Na kama anahitaji kibali cha namna yoyote, kitajwe ni kipi, kinaombwa wapi na kwa ada gani.

Wako mtiifu,
Muuzaji wa asali na mafuta ya shea,
Arua